Matunda ya Msonobari na Mapambo

Katika milima ya Kenya yenye baridi imepandwa misonobari mingi, ambayo watu huiita paini. Aina moja mashuhuri asili yake ni Mexico. Matunda yake makavu, yenye magamba kama ya kakakuona, hufaa sana kwa mapambo.

Tunda hilo, ijapokuwa limekufa, likilowa hujifunga na likikauka hufunguka, kwa kuwa upande wa nje wa gamba huvimba kuliko wa ndani. Ndivyo mbegu zinavyongojea siku kavu, zipeperushwe na upepo.

Basi mwenye kutengeneza pambo na ayaanike kwanza juani mpaka yafunguke kabisa. Akiyagandisha yangali na maji, magamba yatatanuka baadaye na gundi itabanduka. Yaliyo mabichi yaachwe mtini, maana mbegu zake hazijakomaa.