Mwanafunzi aliyelipima kanisa letu



Leo nataka kukusimulia kosa langu mwenyewe, na jinsi lilivyosahihishwa na binti ambaye nilimbatiza akiwa mchanga. Ameniruhusu kulisimulia, mradi nisimtaje jina, wala ofisi aliyofanyia kazi.

Kama umepita barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro katika miaka hii ya karibuni, umeona Chamwino inavyobadilika. Wazee wa hapa wanamkumbuka Mwalimu Nyerere alivyokuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijiji cha ujamaa kikiwa kinaanza, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Mwaka 1973 ukatolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma, kisha ikapita miaka mingi ya kusubiri. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na hasa baada ya Ikulu ya Chamwino kuzinduliwa Mei 20, 2023, kila unapogeuka kuna rundo la mchanga, kokoto na nondo. Aliyekuwa na shamba la uwele sasa anazungumzia viwanja. Aliyekuwa na chumba na sebule anazungumzia ghorofa.

Binti huyu anasoma ubunifu majengo katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Likizo ndefu iliyopita alipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, au fildi kama vijana wanavyoita, katika ofisi ya wabunifu majengo mjini Dodoma. Alfajiri anapanda daladala, jioni anarudi na vumbi hadi kwenye kope. Mama yake aliitangaza habari hiyo jumuiya nzima, kwamba mtoto sasa anachora maghorofa.

Wiki ya pili haijaisha, binti akanifuata baada ya Misa ya jioni. "Baba Paroko, nimechoka," akasema. "Nachapa michoro ya watu, naikunja, naipeleka kwa wateja. Jana nimetumwa chapati. Kwa hili nimesoma miaka mitatu?"

Nikacheka, kwa sababu nilijiona. Nilipokuwa mseminari nilipelekwa parokiani kwa mwaka wa uchungaji, nikiwa nimeandaa mahubiri kichwani. Paroko akanikabidhi ufunguo wa ghala na kuniambia nihesabu magunia ya mahindi. Nilihesabu kwa miezi. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba katika kuhesabu kule nilikuwa nimejifunza kaya ipi ina njaa na ipi inaona aibu kusema. Nikamwambia binti, "Mwanangu, kunja hiyo michoro, lakini kabla ya kuikunja, isome."

Wiki ya tatu akatumwa kupima nyumba ya zamani iliyotakiwa kukarabatiwa. Alipima vyumba vyote, akaandika, akarudi ofisini akiwa na furaha. Msimamizi wake akajumlisha vipimo vya vyumba na unene wa kuta, akalinganisha na urefu wa nyumba kwa nje. Havikulingana. Mahali fulani binti aliandika 3.40 badala ya 4.30. Akarudishwa kulekule, jua la saa nane, kwa nauli yake, kwa ajili ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.

"Hakunifokea," aliniambia. "Alisema tu kwamba fundi hatajua kuwa siku hiyo nilichoka. Fundi atajenga nilichoandika."

Tangu siku hiyo akawa anatembea na futi ya kupimia kwenye mkoba, pamoja na rozari yake. Na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza.

Kanisa letu tulilijenga kwa michango ya jumuiya ndogondogo. Mchoro wake ulikuwa ukurasa wa daftari, kazi ya fundi wetu mwaminifu. Kwaya ilipoongezeka tukaweka roshani juu ya mlango mkuu, na muumini mmoja akajitolea kuchomelea vyuma vya kuzuilia mbele yake. Kila Jumapili wanakwaya wanasimama pale, wanaimba, wanacheza, akina mama wakiwa na watoto wao pembeni.

Jumapili moja baada ya Misa ya pili nikamkuta binti huko juu, amepiga magoti, futi mkononi. Akaniita nipande. Akanionyesha kwamba vile vyuma vinafika sentimita 68 tu kutoka sakafuni. Darasani, akasema, wamefundishwa kwamba mahali pa juu kama pale kizuizi kikaribie mita 1.1, kwa sababu mtu mzima akiegemea kitu kilicho chini ya kiuno, uzito wake unakwenda mbele na hakuna cha kumrudisha. Tena vyuma vyetu vililala kama vipandio vya ngazi. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji kufundishwa kuvipanda. Na nafasi kati ya chuma na chuma ilitosha kichwa cha mtoto kupita, wakati yeye amefundishwa kwamba isizidi sentimita 10.

Nikasimama pale kwenye ukingo. Vyuma vilinigusa mapajani. Chini niliona mabenchi.

Unajua nilimjibu nini, ndugu msomaji? Nilimwambia tumeimba hapa miaka minane na hakuna aliyeanguka. Nikamwambia pia kwamba fedha iliyopo ni ya rangi, maana sikukuu ya somo wa parokia imekaribia na wageni watakuwa wengi. Mwisho nikaongeza neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Binti yangu, wewe maliza fildi yako kwanza."

Hakubishana nami. Alisema, "Sawa, Baba," akashuka.

Wanafunzi walio fildi hujaza kitabu cha kumbukumbu, kila siku wameandika walichofanya, na msimamizi anasaini. Binti akaichora roshani yetu humo kama zoezi lake la Jumamosi, na vipimo vyote, bila kutaja ni kanisa gani. Msimamizi alipofika kwenye ukurasa huo hakuweka saini. Aliandika kwa kalamu nyekundu: "Jengo hili linatumika sasa?"

Binti akaniletea kitabu. Hakusema kitu. Akanifungulia ukurasa.

Nimesoma falsafa na teolojia miaka mingi, lakini swali lile la maneno manne sikuweza kulizunguka. Linatumika. Kila Jumapili, Misa mbili.

Usiku ule nikafungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8. Naomba leo ukitoka kanisani uisome mwenyewe. Pale Mungu anawaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya aizungushie dari yake ukuta wa kuzuia, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na nyumba ile ikabeba hatia ya damu. Nilikuwa nimeipita aya hiyo mara nyingi, nikiiona kama jambo la mafundi wa kale.

Lakini sisi wa Ugogo hatuna udhuru wa kutoielewa. Tembe la bibi zetu lina paa bapa la udongo, na juu ya paa lile watu wanaanika mboga na nafaka. Nyumba za Waisraeli nazo zilikuwa na dari bapa. Katika kitabu cha Yoshua, sura ya 2, Rahabu aliwaficha wapelelezi darini mwake, chini ya mabua ya kitani aliyokuwa ameyapanga huko. Dari ilikuwa mahali pa kazi, pa kupumzikia, pa wageni na watoto. Mungu aliyetoa Amri Kumi mlimani hakuona ni jambo dogo mno kusemea ukingo wa dari.

Na angalia anachodai. Hamwambii mwenye nyumba asubiri mpaka mtu aanguke. Hamuulizi kama katika miaka minane iliyopita kuna aliyeanguka. Anasema ukijenga, weka. Anayelindwa na ukuta ule hatajwi jina, kwa sababu mwenye nyumba hamjui. Anaweza kuwa mgeni wa kesho au mjukuu ambaye hajazaliwa. Tumezoea kumpenda jirani tunayemwona: tunampelekea uji akiugua, tunamchangia akifiwa. Kipimo sahihi ni namna ya kumpenda jirani ambaye hutamjua kamwe, na ambaye hatakushukuru, kwa kuwa hatajua kwamba siku fulani alinusurika.

Taifa letu limeshaonja gharama ya majengo. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka asubuhi na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 16, 2024, jengo jingine likaporomoka Kariakoo, watu wakiwa kwenye biashara zao, na wengi wakapoteza maisha. Mimi si mhandisi, na sihukumu mtu yeyote katika misiba ile. Najua tu kwamba baada ya kila msiba tunauliza maswali makubwa kwa sauti kubwa. Swali dogo la kalamu nyekundu, linaloulizwa mapema, mara nyingi linaonekana usumbufu.

Ndiyo maana kujifunza kazi kunachukua muda. Kwa utaratibu wa nchi yetu, shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mbunifu majengo. Anapaswa kufanya kazi chini ya aliyesajiliwa, kisha apimwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kanisa nalo halimpi mseminari daraja la upadre siku anayomaliza mtihani. Anapitia ushemasi, anahudumu, anatazamwa. Hata Bwana wetu alikaa Nazareti kama miaka 30 kabla ya kuhubiri. Marko, sura ya 6, anatuambia majirani walimjua kwa kazi yake. Tumezoea kusema seremala, lakini seminarini tulifundishwa kwamba neno la Kigiriki, tekton, ni pana zaidi: ni fundi wa kujenga pia. Ni nani aliyekunja michoro ya Yosefu, kama si yeye?

Nikuambie sasa tulichofanya. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya waamini nikaeleza yote, pamoja na jibu nililompa binti. Tukafunga roshani. Kwaya ikashuka chini, ikakaa upande wa kushoto, na si wote walifurahi. Mzee mmoja alinong'ona kwamba Paroko anaendeshwa na watoto. Fedha ya rangi ikanunua vyuma, safari hii vya kusimama wima, na msimamizi wa binti alikuja mwenyewe Jumamosi kuonyesha namna ya kuvifunga kwenye zege. Alikataa malipo. Alipokea soda.

Sikukuu ya somo ikafika, wageni wakaja, kuta zikiwa zimebabuka vilevile. Kabla ya Misa, mwenyekiti wa halmashauri ya walei alipanda juu, akashika chuma kwa mikono miwili, akakitikisa kwa nguvu zake zote. Hakikucheza. Akashuka akaniambia, "Baba, rangi tutapaka mwakani." Ndipo kwaya ikapanda.

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mzazi wa kijana aliye fildi, na jioni anarudi akilalamika kwamba anatumwa chai. Msikilize, kisha muulize ameona nini leo. Huenda wewe ni kijana mwenyewe. Usidharau siku za kukunja michoro, na siku utakayoona kosa, sema kwa heshima, kisha liandike. Binti yule hakunigombeza. Alipima, akaandika kwa usahihi, na maandishi yakasema alichokatazwa kusema.

Lakini zaidi nasema na sisi wakubwa: maparoko, wenyeviti, wakuu wa ofisi, wenye nyumba za kupangisha. Tunapenda kuwapima wadogo. Tunasaini vitabu vyao, tunatoa alama. Je, mdogo akitoa futi na kutupima sisi, tunampa jibu gani? Mimi nilimwambia amalize fildi yake kwanza. Namshukuru Mungu kwamba kati ya Jumapili ile na siku tuliyofunga roshani, hakuna mtoto aliyepanda vile vyuma. Hiyo ilikuwa neema yake. Akili yangu haikuchangia kitu.

Leo ukirudi nyumbani, zunguka kidogo. Tazama ngazi isiyo na pa kushika, shimo la choo lisilo na mfuniko, kisima cha uani, waya uliotokeza ukutani kwa mpangaji. Jiulize swali la yule msimamizi: linatumika sasa? Kama linatumika, rangi isubiri.

Nakutakia Dominika njema. Mungu ailinde nyumba yako, na wote watakaoingia humo.