Msimamizi wa Moto na Kazi Zake

Wakulima wa Kambu, kuanzia Juni hadi mvua za mwisho wa mwaka, majani hukauka. Wakati huo kijiti kimoja cha kiberiti chaweza kuteketeza malisho, mizinga na nyumba, tena kupandisha moto Vilima vya Chyulu. Vilima hivyo hunywa mvua na kulisha chemchemi ya Mzima, ambayo maji yake hufika mpaka Mombasa kwa bomba.

Kanuni za Kenya za mwaka 2007 zinataka mazoezi ya kujiokoa na moto yafanywe mahali pa kazi angalau mara moja kila miezi 12. Nasi mashambani yafaa kila kijiji kichague msimamizi wa moto. Kazi yake kubwa ni kabla ya moto kuwaka.

Kwanza, ajue ni nani anayetaka kuchoma mabua, ni nani anayechoma makaa, na ni nani anayekwenda kurina asali kwa mwenge. Siku ya upepo awakataze wote. Mabua ni heri yalishwe ng'ombe au yafukiwe shambani.

Pili, awaongoze watu kulima kinga ya moto kuzunguka boma na ghala: udongo mtupu, upana wa hatua 5 au zaidi.

Tatu, majembe, mapanga, magunia na madebe ya maji yawekwe mahali panapojulikana. Ajue pia nyumba zenye wazee, wagonjwa na watoto wadogo.

Moto ukitokea, apige filimbi, ampashe chifu habari, na simu ipigwe 999. Ahesabu watu kabla ya kuhesabu mbuzi. Wanaouzima wapige kwa matawi mabichi kutoka pembeni, upepo ukiwa mgongoni mwao. Mtu asisimame mbele ya moto, wala asiukimbie kwa kupanda mlima, maana moto hupanda upesi kuliko miguu.

Moto ukizimika kazi haijaisha. Visiki huficha makaa, na upepo wa usiku huyafufua. Basi msimamizi aweke zamu ya kulinda mpaka jivu lipoe kabisa.

Mchagueni katika baraza, majani yangali mabichi. Msitazame nguvu za mikono tu. Tafuteni mtu atakayeweza kumwambia hata ndugu yake, "Leo huchomi," na ndugu huyo akatii.