Mama na Binti wa Soni

Katika safari yetu ya bara tulipanda kutoka Mombo kwa ile barabara ya kona nyingi hadi Soni, mji mdogo wa milima ya Usambara, ilipo njia panda ya Lushoto na Bumbuli. Shabaha yetu ilikuwa kutazama wakulima wa huko wanavyoweka mazao yao, wala hatukudhani kwamba tutarudi na habari ya maradhi.

Mama mmoja muuza mboga alitukaribisha chai nyumbani kwake. Akatuuliza, "Huko kwenu visiwani, nafaka mnaiweka wapi?" Tukamjibu kuwa wengi wetu huweka mchele na muhogo mkavu humo humo tulalamo, pamoja na magunia ya karafuu wakati wa mavuno. Akamtazama bintiye, nao wote wawili wakanyamaza.

Yafaa tueleze kwanza. Tangu mwaka 1980 hadi 2004 wilaya ya Lushoto ilipatwa na tauni mara kwa mara. Walioiugua walizidi 7,000, na waliokufa walizidi 500. Na wanawake na watoto waliugua zaidi ya wanaume. Mahindi yaliwekwa darini, panya wakayafuata. Panya akifa kwa tauni, viroboto wake hutafuta mwili mwingine, na aliyelala chini ndiye aliye karibu.

Wakati huo mama huyu alikuwa akikaa upande wa Shume, naye mumewe akifanya kazi mbali. Januari 1991 alimkuta panya amekufa karibu na jiko. Akamwambia binti, aliyekuwa na umri wa miaka 11, amtupe nje. Binti akamshika mkia, akamtupa. Siku ya nne akashikwa na homa kali na kichwa, kisha mtoki ukamvimba kinenani hata asiweze kunyoosha mguu. Siku moja nzima ilipotea kwa dawa za majani. Kesho yake mama akambeba mgongoni hadi zahanati, nao wakapelekwa hospitali.

Huko binti alichomwa sindano za streptomaisini. Mama akakaa chini ya kitanda chake, hali wala halali, hata siku ya pili akahisi kwapa lake linauma. Alilificha mpaka jioni, kwa kuogopa kutengwa na mwanawe. Tunasema wazi kwamba alikosea: tauni haingoji jioni. Bahati muuguzi aliona jinsi alivyobeba mkono, akamlaza kitanda cha pili. Basi ikawa binti, aliyeanza kupata nguvu, ndiye anayemnywesha mama uji kwa kijiko, na usiku humwita kila mara asikie kama ataitika.

Wote wawili walipona. Lakini nyumbani walikaa miaka mingi bila kumtaja yule panya. Mama alituambia kuwa kila akimwona binti akichechemea kidogo kwa uchovu, moyo wake ulimshuku kwamba ni ule mtoki. Bwana Afya alikuwa amekwisha kupita kijijini akikataza watu kugusa panya waliokufa, na yeye alikuwapo mkutanoni.

"Siku moja nikamwomba radhi," alisema. "Nikamwambia, mwanangu, mimi nilisikia, nikakutuma."

Binti, ambaye sasa naye ni mama wa watoto, aliweka kikombe chini. "Nami nilisikia maneno ya Bwana Afya, mama. Nilikuwa nimekaa mapajani pako."

Hivi leo mahindi yao yako katika kighala cha mbao, nje, kilichoinuliwa juu ya nguzo, na watoto wote wanalala vitandani. Binti ndiye aliyelipa fundi. Gunia la karafuu halimwiti panya kama gunia la mchele, lakini sisi huyaweka pamoja, na tulipomweleza mama huyo hilo alitikisa kichwa.

Tulipoaga, alinyanyua macho kutazama dari, kama tulivyomwona akifanya tangu tulipoingia. Dari lilikuwa tupu.