Maroboti yalikuwa GITEX, lakini bibi anauliza laini aitie wapi

Katikati ya Oktoba 2025 ukipita Sheikh Zayed Road karibu na World Trade Centre, hukuhitaji kuambiwa kama kuna jambo. Magari yalikuwa hayaendi, metro imejaa, na kila wa pili alikuwa na kitambulisho kinaning'inia shingoni. Ilikuwa GITEX hiyo, ilifunguliwa Jumatatu tarehe 13 Oktoba na ikafungwa Ijumaa tarehe 17. Maonyesho haya yalianza mwaka 1981, wakati kompyuta moja ilikuwa inataka meza nzima. Leo watu wanakwenda kupiga picha na maroboti.

Sisi lakini tunajuana. Majumbani mwetu habari ya teknolojia huwa na swali moja: hiki kitu kikitiwa kwenye begi la kwenda Unguja, Mombasa au Muscat, kitafanya kazi? Basi tumekukusanyia habari za siku hizi kwa jicho hilo hilo. Tia chai, tuanze.

Simu mpya, tundu la laini hakuna

Tangu tarehe 19 Septemba 2025 iPhone 17 ziko madukani, na vijana wameshaanza kuwazungukia baba zao kwa adabu isiyo ya kawaida. Jambo ambalo wengi hawakulisikia ni hili: iPhone 17 zinazouzwa Imarati, Oman, Saudia, Kuwait, Qatar na Bahrain hazina mahali pa kutia laini. Ile sindano ya kufungulia kitundu sasa unaweza kuchokolea meno. Zinatumia eSIM tu, yaani laini inaingizwa ndani ya simu kwa mtandao, hakuna kadi ya kushika mkononi. Zile zinazouzwa Uingereza bado zina kitundu chake. Ile nyembamba, iPhone Air, haina kabisa, uinunue popote.

Kwa anayeishi Dubai hilo si tatizo. Balaa linakuja unapomnunulia mtu wa nyumbani. Fikiria simu imefika Malindi, Unguja, imefunguliwa mbele ya ukoo mzima, watu wametoa mashallah zao, halafu bibi ametoa laini yake ya miaka kumi na anaigeuza geuza simu huku na huku. "Mwanangu, hii naitia wapi?" Hapo ndipo simu inapigwa Dubai, tena saa ya kulala.

Kwa hiyo kabla ya kutoa dirhamu, mwambie mwenye laini aende kwanza kwenye duka la mtandao wake, uwe Yas (Zantel ya zamani), Airtel au Vodacom, aulize: je, namba yangu hii mnaweza kuigeuza kuwa eSIM hapa hapa? Na aende mwenyewe, kwa sababu laini za Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole vya mwenyewe. Akijibiwa ndiyo, nunua kwa raha yako. Akiambiwa arudi kesho kutwa, mnunulie simu yenye kitundu.

Ile simu ya zamani "bado nzima"

Kila nyumba ina droo ya simu za zamani. Mtu akisafiri, mama anaifungua droo: "Mpelekee khala yako hii, bado nzima." Kweli inawaka. Lakini Juni 2025 WhatsApp ilianza kutaka Android 5.0 kwenda juu, na kwa iPhone iOS 15.1 kwenda juu. iPhone 5s na iPhone 6 hazifiki huko hata ukizisomea dua, maana mwisho wao ni iOS 12. Ukimpelekea khala simu hiyo, umempelekea saa ya mezani yenye tochi.

Na tusisahau kwamba hapa Imarati WhatsApp inapitisha maandishi na sauti za kurekodi, ila kupiga simu kwa sauti au video hakupiti. Wengi wetu tunatumia Botim, na Botim inataka pande zote mbili ziwe nayo. Basi simu yoyote unayoipeleka, iwe mpya au ya kwenye droo, itie Botim ukiwa bado nayo mkononi. Laini ikishaingia kule, mmoja wa wajukuu amsajilie bibi kwa namba yake. Wangapi wamepeleka simu ya dirhamu 3,000 halafu wakakaa wiki tatu hawajauona uso wa mama yao, kwa sababu hakuna aliyemwekea programu?

Pawabenki kwenye ndege

Umeme ukikatika kule nyumbani, pawabenki ni ndugu wa damu. Ndiyo maana mabegi yetu hayakosi tatu nne. Sasa punguza. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, Emirates inaruhusu kila abiria pawabenki moja tu, isiyozidi wati-saa 100. Ndani ya ndege hutakiwi kuitumia kuchajia simu wala kuichaji yenyewe. Iweke mfuko wa kiti cha mbele yako au chini ya kiti, si kule juu kwenye makabati. Na kwenye begi linaloshuka chini usiitie kabisa. Hiyo ni sheria ya siku nyingi, na sababu yake ni moto wa betri.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mAh zilizoandikwa, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 inatoka 74, inapita. Ya mAh 30,000 inatoka 111, hiyo muachie shemeji uwanja wa ndege.

Mgeni wako adai chake

Kama ami amekuja kutembea na amenunua televisheni Deira, mkumbushe kodi ya VAT. Imarati inatoza asilimia 5, na mgeni asiye mkaazi anarudishiwa sehemu yake. Masharti: duka liwe kwenye mpango huo, ununuzi usipungue dirhamu 250, aombe hati ya marejesho pale pale dukani, na mali itoke nchini ndani ya siku 90. Anarudishiwa asilimia 85 ya kodi, kasoro dirhamu 4.80 za huduma. Televisheni ya dirhamu 2,100, kodi yake ni 100. Ami anaondoka na 80.20. Si utajiri, lakini biriani ya watu wazima wawili hiyo. Uwanja wa ndege afike mapema, aidhinishe hati kabla hajakabidhi mizigo.

OTP inaaga

Tarehe 25 Julai 2025 benki za Imarati zilianza kuacha kutuma namba za OTP kwa SMS na barua pepe, na zoezi lilipangwa kukamilika Machi 2026. Badala yake unathibitisha ndani ya programu ya benki kwa alama ya kidole au uso. Mwisho wa baba kupiga kelele kutoka sebuleni, "Nne! Saba! Saba tena!" na jirani anaandika.

Utani pembeni, wazee wanahitaji msaada hapa. Kaa na mzazi wako, weka programu kwenye simu yake mwenyewe, si yako. Na mwambie wazi: likija ombi la kuthibitisha malipo ambayo hakuyafanya, akatae, hata kama aliyempigia anajiita mtu wa benki na anajua jina lake la ukoo.

Teksi haina sadiki

La kumalizia. Mwezi Machi 2025 RTA ilisaini makubaliano na Baidu ya China kuleta teksi za Apollo Go zisizo na dereva. Majaribio yalipangwa kwa gari 50, na lengo lilikuwa zisipungue 1,000 ndani ya miaka mitatu. Sawa, maendeleo hayo. Lakini nani tutamwambia, "Sadiki, subiri dakika moja bibi anavaa viatu"? Na nani atashuka kusaidia kufunga buti lililojaa mzigo wa Unguja?

Alhasili, kama kuna simu ya kusafiri wiki hii, usiifunge kwenye boksi leo. Iwashe, weka maandishi makubwa, tia namba za watoto wote na picha zao, kisha mpigie mtu wa kule muulize kuhusu laini. Nusu saa tu inatosha. Bibi akipokea, azungumze, si aanze kutafuta kitundu.

Tuonane kesho, inshallah.