Kimeta: Ng'ombe hukingwaje na bakteria yule yule anayemuua?

Daktari wa mifugo anapompelekea mfugaji wa Mbarara au Isingiro chanjo ya kimeta, kinachodungwa chini ya ngozi ya ng'ombe ni bakteria wa kimeta mwenyewe, tena akiwa hai. Msikilizaji wa Makenke au wa makazi ya Nakivale ana haki ya kuuliza: iweje ng'ombe asife?

Jibu limo katika plasmidi. Sehemu kubwa ya urithi wa bakteria imo katika kromosomu yake. Kando yake, bakteria wengi hubeba vipande vidogo vya DNA, aghalabu vyenye umbo la duara, vinavyojinakili vyenyewe. Hivyo ndivyo plasmidi. Bakteria aweza kuishi bila hizo, lakini akiwa nazo hupata uwezo ambao kromosomu haina.

Bakteria wa kimeta anazo mbili, ziitwazo pXO1 na pXO2. Ya kwanza hubeba maelekezo ya kutengeneza sumu. Ya pili humvika bakteria utando unaozuia chembe nyeupe za damu zisimmeze. Bakteria mwenye zote mbili ndiye aliyeangamiza mamia ya viboko katika Hifadhi ya Queen Elizabeth mwaka 2004 na 2005. Akipoteza mojawapo, ukali wake hupungua mno.

Katika miaka ya 1930, Max Sterne, mtaalamu wa mifugo nchini Afrika Kusini, alipata kimeta kisicho na utando. Kilikuwa kimepoteza pXO2. Sumu kiliendelea kuitoa, kiasi cha kuufundisha mwili wa ng'ombe kuitambua, lakini bila utando hakikuweza kustahimili ndani ya mwili. Uzao wake ndio chanjo inayotumika hadi leo. Ajabu ni kwamba Sterne hakujua sababu: neno plasmidi lilibuniwa na Joshua Lederberg mwaka 1952, na kazi yake katika kimeta ikafahamika miaka ya 1980.

Plasmidi nyingine zina tabia inayotuhusu zaidi sisi binadamu. Hubeba jeni za usugu, na bakteria mmoja humpa mwenzake, hata wa jamii nyingine. Hivyo bakteria wa tumboni asiye na madhara aweza kumkabidhi yule wa kuhara damu kinga dhidi ya dawa kadhaa kwa mpigo.

Kwa mfugaji, yapo mambo mawili. Bakteria wa chanjo lazima abaki hai ili afanye kazi. Basi ng'ombe asipewe penisilini wala antibiotiki nyingine siku za karibu na chanjo, maana dawa itamuua kabla hajamfaa. Na ng'ombe akifa ghafla, damu ikimtoka puani bila kuganda, asichunwe wala kuliwa. Mzoga ukipasuliwa, kimeta hugeuka vijimbegu vinavyodumu ardhini kwa miongo, vikiwa na plasmidi zote mbili.