Waliobeba Vita Mabegani

Aendaye Ngomeni hulipita jiwe la ukumbusho la Meja Wavell bila ya kuligeukia. Nami nimelipita tangu nikiwa mtoto wa chuoni, juzuu kwapani, nisijali. Hivi majuzi tu nilisimama, kwa kuwa mjukuu wangu alinivuta kanzu akaniuliza, "Babu, huyu alikuwa nani?"

Nilimweleza. Arthur Wavell alikuwa Mwingereza aliyejifanya Mwislamu wa Unguja mwaka 1908, akaenda Makka kuhiji akifuatana na Mswahili mmoja wa hapa hapa Mombasa, kisha akarudi kwao akaandika kitabu. (Hija ya namna hiyo, hukumu yake ni ya Mola.) Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka mwaka 1914, aliandikisha Waarabu wa mji huu, Washihiri wengi wao, wakawa kikosi chake. Wajerumani walikuwa wameshavuka mpaka upande wa Vanga, na shabaha yao ilikuwa kisiwa hiki chetu. Walipigwa Gazi mwezi wa Oktoba, wakazuiwa. Wavell mwenyewe aliuawa Mwele, huko bara ya Kwale, tarehe 9 Januari 1916, pamoja na baadhi ya watu wake.

Mtoto akaniuliza tena, "Na babu yake bibi, jiwe lake liko wapi?"

Hapo nilinyamaza.

Baba yake bibi yangu alitoka nyumba moja ya Kibokoni akachukuliwa kuwa mchukuzi wa jeshi. Si askari, hakupewa bunduki. Alipewa mzigo. Waingereza waliita kikosi hicho Carrier Corps, na ndimi zetu zikakifanya Kariakoo, jina lililobaki mpaka leo kwenye soko la Dar es Salaam na mtaa wa Nairobi. Mwanzoni watu walikwenda kwa hiari. Mwaka 1915 ikatungwa sheria ya kuwashika kwa nguvu, na ujira ukateremshwa hadi rupia 5 kwa mwezi.

Vita vyenyewe vilipiganwa nchi ya Tanganyika, iliyokuwa ya Mjerumani, kutoka pembe hii hadi ile. Mwezi wa Novemba 1914 majeshi ya Kihindi yapatayo watu 8,000 yalitia nanga Tanga. Yakapigwa na jeshi la von Lettow-Vorbeck lenye watu wapatao 1,000, na nyuki nao wakaingia vitani. Merikebu zikarudi Kilindini zimejaa majeruhi. Mwaka 1916 Jenerali Smuts aliingia kwa njia ya Taveta, Wajerumani wakawa wanarudi nyuma wakipigana, hata Rufiji, hata wakavuka Ruvuma Novemba 1917 wakaingia nchi ya Mreno. Lettow aliweka silaha chini Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Ulaya vita vilikuwa vimekwisha wiki mbili kabla.

Msomaji atazame ramani. Reli iliishia mahali, magari yalikwama matopeni, farasi na nyumbu waliuawa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa na bega la mtu. Wachukuzi wapatao milioni moja walipita katika mikono ya Waingereza na wenzao, na waliokufa ni karibu laki moja, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara damu, homa na njaa. Walipewa unga wa mahindi wasiouzoea, wakaula haujaiva.

Kwetu sisi Waislamu kulikuwa na jambo jingine zito. Novemba hiyo hiyo ya 1914 Khalifa wa Istanbul alitangaza jihadi, naye alikuwa upande wa Mjerumani. Na Sultani wetu, Sayyid Khalifa bin Harub, alikuwa Unguja chini ya Mwingereza. Mtu wa Pwani amsikilize nani? Wazee wetu wengi hawakuulizwa. Walihesabiwa tu, wakafungwa kibati shingoni chenye nambari.

Bibi yangu alikuwa na umri wa miaka minane baba yake alipoondoka. Hakurudi, wala hapakuja barua. Mwenye kufiwa ana eda yake, miezi minne na siku kumi, kisha huendelea na maisha. Lakini mume aliyepotea? Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni mke asubiri mpaka uhakika upatikane. Ipo kauli kongwe ya miaka minne, na mashekhe walimsomea, lakini mama yake bibi hakuitaka. "Hakuja mtu akatwambia kafa," alisema. "Yuwaja." Mirathi haikugawiwa. Mshahara wake haukufika, na ya wenziwe wengi waliokufa ilibaki mikononi mwa serikali, kwa hoja kwamba warithi hawakupatikana. Nyumba za Kibokoni hazikuhama mahali.

Pale Mwembe Tayari yapo masanamu ya shaba kwa ajili ya Waafrika waliopigana na waliobeba. Ni kazi nzuri, lakini haina jina la mtu hata mmoja. Makaburini Mbaraki Mzungu ana jiwe lake na jina lake. Mwaka 2021 tume ya Waingereza ya makaburi ya vita ilikiri wazi kwamba Waafrika wengi mno hawakuandikwa majina, ikaomba radhi. Imechukua miaka zaidi ya mia, lakini radhi ni radhi, na majina mengine bado yamo midomoni mwa wazee wetu. Aliye na jina la mzee wake alichukue karatasi leo, aliandike pamoja na mtaa aliotoka.

Mama yake bibi aliishi hadi uzeeni akikataa hitima ya mumewe isomwe. Kanzu yake ilikuwa kashani, imefukizwa udi kila Idi. Siku alipokufa, bibi yangu aliitoa, akaiweka juu ya mkeka, akawaambia mashekhe wasome hitima mbili.