Masomo ya viziwi: namna gani mtoto anajifunza pasipo kusikia

Redio yetu inafika mbali, lakini kuna wakaaji hapa kwetu ambao hatuwafikii hata tukipandisha sauti mpaka mwisho. Ni viziwi. Ndiyo sababu habari hii tumeiandika. Na wewe unayeisoma, kama una jirani mwenye mtoto asiyesikia, mupelekee simu yako naye aisome.

Wengi wetu, tukisikia masomo ya watoto wenye kuishi na ulemavu, tunafikiri kwanza vituo kama Heri Kwetu ya Bukavu ao Shirika la Umoja ya Goma, ambako watu wanapata miguu ya bandia na vifaa vya kutembelea. Ulemavu wa miguu unaonekana. Mtoto kiziwi yeye anakimbia, anacheza mupira, anachota maji, anabeba mdogo wake mgongoni. Shida yake haionekani, na wazazi wanachelewa. Wanasema atasema tu, hata baba yake alichelewa kusema. Wanazunguka kwa maombi na kwa dawa za kienyeji. Akifikisha miaka 6 ao 7 wanamwandikisha masomo ya kawaida. Kule anakaa nyuma, ananakili yote ya ubaoni kwa mwandiko safi, mwalimu anamsifu, kumbe hakuna hata neno moja analolielewa. Anarudilia mwaka, kisha mara ya pili. Ndiyo maana wengi wanafika masomo ya viziwi wakiwa na miaka 8, 10, hata 12.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mtoto anayesikia anapoanza darasa la kwanza, tayari ana lugha. Hajui kusoma, lakini anajua kuuliza, kusema uongo, kuhesabia mama yake namna siku ilivyopita. Mtoto kiziwi aliyekua nyumbani peke yake hana lugha yoyote. Ana alama chache za nyumbani: chakula, njoo, lala, fimbo. Hajui kama kila mtu ana jina. Hajui neno “kesho”. Babu akifariki, anaona watu wanalia, wanazika, na hakuna mtu wa kumweleza babu alikwenda wapi. Akili yake iko nzima, imekosa tu mlango. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu si a-e-i-o-u. Ni kumpa lugha, yaani lugha ya alama.

Ukiingia mu darasa kama hiyo utashangaa kwanza namna viti vinavyopangwa. Hawakai mistari kwa mistari kama kwingine. Wanakaa kwa mzunguko wa nusu, sababu kila mtoto sherti aone mikono na sura ya kila mwengine, si ya mwalimu tu. Ndiyo maana pia darasa haiwezi kujaa. Tangu elimu ya msingi ilipoanza kuwa ya bure mu masomo ya serkali, mwezi wa 9 mwaka 2019, tumezoea kuona watoto zaidi ya 60 mu chumba kimoja, na hata 100. Kwa viziwi hiyo haiwezekani, aliye nyuma ya mgongo wa mwenzake hajasoma kitu siku hiyo.

Mwalimu hasemi huku anaandika ubaoni, maana akigeuza mgongo amenyamaza. Akitaka wamwangalie anapunga mkono, anapiga mguu chini ili mtikisiko uwafikie, ao anazima na kuwasha taa kama umeme uko. Kengele ya mapumziko haina kazi: mmoja anatoka mbele na kupunga mkono, wote wanaelewa. Mtoto akikasirika na hataki kusikia mashauri, anafunga macho, basi mazungumzo yamekwisha. Na usifikiri kuna kimya. Wanacheka kwa sauti, wanagonga meza, wanapiga makelele bila kujua kwamba wanayapiga. Giza ndilo linalowanyamazisha kweli. Jioni umeme ukikatika na hakuna hata buji, hawawezi tena kuongea.

Kitu kingine ni majina. Kila mtoto anayefika anapewa jina la alama, na mara nyingi ni watoto wenzake wanaompa: kovu juu ya jicho, shimo mu shavu, namna anavyotembea. Kwa wengine ni mara ya kwanza kuitwa kwa jina linalowafikia. Nje ya masomo jirani anasema “yule bubu”, na kila mtu anajua ni nani anayetajwa. Kwa maoni yangu, hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini watoto hawa hawapendi siku ambazo haziko masomo. Kiwanjani wanafundishana kwa haraka kuliko mu darasa: mkubwa anamsahihisha mdogo vidole, na aliyefika bila hata neno moja, kisha miezi michache ameanza kuuliza maswali yasiyokwisha.

Kusoma na kuandika ndiko kugumu. Mwalimu anachukua embe la kweli, anaonyesha picha yake, anafanya alama yake, anaandika neno herufi kwa herufi kwa vidole, halafu ubaoni. Embe linaeleweka upesi. Lakini kuna maneno madogo ya Kifaransa ambayo hayashikiki kwa mkono, na mpango wa maneno mu lugha ya alama si ule wa Kifaransa. Nyumbani midomo inasema Kiswahili ao Mashi, masomoni midomo ileile inasema Kifaransa. Basi kijana kiziwi akikuandikia ujumbe wenye maneno yaliyopinduka, usiseme hana akili. Anaandika lugha ambayo hajawahi kuisikia hata siku moja, na mtihani wa serkali mwisho wa masomo ya msingi hauko wa lugha nyingine.

Wengi wanauliza alama hizi zilitoka wapi. Nyingi zinazotumiwa mu masomo ya viziwi hapa Kongo zina mizizi Marekani. Zilienezwa na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza masikio akiwa kijana. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata diploma mu chuo cha viziwi cha Gallaudet, mwaka 1954. Mwaka 1957 alifungua masomo ya viziwi Ghana, kisha mu inchi nyingi za Afrika, na Kongo pia, wakati ule Zaïre. Walimu wengi, wao wenyewe viziwi, aliwafundisha kule Ibadan, Nigeria. Alikufa karibu na sisi, mu ajali ya ndege Rwanda, mwezi wa 12 mwaka 1987.

Shida kubwa iko wapi? Iko mlangoni pa masomo, saa mtoto anapotoka. Mchana kutwa ameongea. Akifika nyumbani, hakuna anayejua alama hata kumi. Mama anamwonyesha sahani, baba anamwonyesha ndoo, basi. Wazazi wengi wanaona kwamba lugha ya alama ni kazi ya mwalimu, sawa vile hesabu. Lakini mzazi asiyejua alama hawezi kumwambia mtoto wake asipande gari la mtu asiyemjua, wala mtoto hawezi kumwambia mzazi ni nani aliyemgusa vibaya. Binti kiziwi anajulikana na watu wabaya kuwa hawezi kushitaki. Tunaandika wazi sababu ni jambo la kweli.

Kuna pia hatari za inchi yetu. Siku ya posho, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, wenye masikio walisikia majirani wanaitana. Siku tano baadaye amri ya kuhama kartie 10 za Goma ilipita ku redio na televizyo. Na mwanzo wa mwaka 2025, vita ilipoingia Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili, mtoto asiyesikia risasi anaweza kutoka nje kwenda kukojoa wakati wengine wamelala chini. Nyumba inahitaji alama moja ambayo wote wanaijua: lala chini, usitoke. Nyingine: tunahama sasa.

Kwa upande wa sheria, hatuko mikono mitupu. Katiba ya 2006, kwa kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ya serkali ni ya lazima na ya bure. Tarehe 3 Mei 2022 ilitoka sheria juu ya kulinda haki za watu wenye kuishi na ulemavu. Lakini masomo mengi ya viziwi yalianzishwa na makanisa, mashirika ao viziwi wenyewe, na wazazi wanaendelea kulipa ili mwalimu ale. Mwenye mtoto kiziwi, mara nyingi maskini, ndiye analipa, na jirani yake mwenye watoto sita wanaosikia halipi. Hapo viongozi wana jibu la kutoa.

Neno moja juu ya ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watoto 100 wenye shida ya kusikia, karibu 60 wangeweza kukingwa. Surua na meninjiti vinaua masikio, usaha wa masikio usiotibiwa pia, na dawa kama gentamisini zikitumiwa bila mganga. Kwa hiyo chanjo, na kuacha kuchoma watoto sindano za duka la dawa bila karatasi. Ukishuku mtoto wako, simama nyuma yake asikuone, upige sufuria. Asipogeuka, fanya tena siku nyingine, kisha mpeleke hospitali.

Na kama mtoto tayari yuko masomo, mwombe mwenyewe akufundishe, atafurahi sana. Anza na hizi. Mama: fungua mkono, kidole gumba kiguse kidevu. Baba: mkono uleule, kidole gumba ku paji la uso. Kula: kusanya vidole, upeleke mdomoni. Maumivu: vidole viwili vya kuonyesha vielekeane, uvisogeze mbele ya mahali panapouma. Mwangalie usoni unapozifanya, na taa iwe inawaka. Kuandikisha ni mbele ya mwezi wa 9, lakini nenda kuonana na direkta mapema, nafasi ni chache.